Kusafisha boksi nne za farasi Karen: nilipe kwa boksi, kwa siku au kwa mwezi?

BoksiNne_Karen

Wadau, hamjambo. Nina farasi wanne hapa Karen, Nairobi, upande wa kuelekea Ngong. Wanalala ndani, wanatoka kwenda malishoni saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Boksi, yaani vyumba vyao vya kulala, ni nne, kila moja mita 3.6 kwa 3.6, sakafu ya saruji. Mbili zina mikeka ya mpira, mbili hazina. Matandiko ni maranda ya mbao. Rundo la samadi liko kama mita 40 kutoka bandani na njia yenyewe ni udongo mtupu.

Anayesafisha kwa sasa ni mtu wa bustani, lakini kazi mbili zimemlemea: bustani imejaa magugu na boksi zinanuka. Nataka mtu wa boksi peke yake. Nimepata watatu. Wa kwanza anataka shilingi 100 kwa kila boksi kwa siku. Wa pili anataka 800 kwa siku, hata boksi ziwe ngapi. Wa tatu anataka 20,000 kwa mwezi.

Ukipiga hesabu ya haraka, wa kwanza ni 12,000 kwa mwezi, kwa hiyo ndiye rahisi. Kuna kitu sikioni? Na kazi yenyewe inapaswa kuchukua saa ngapi, ili nijue nalipia nini?

---

Saisi_NgongRoad

Usichokiona ni maranda. Anayelipwa kwa boksi anataka kumaliza boksi, na njia ya haraka ya kumaliza ni kuingia na koleo, kuzoa kila kitu na kumwaga gunia mpya juu. Ukija kuangalia utaona boksi nyeupe safi, utafurahi. Kumbe nusu ya ulichonunua kiko kwenye rundo la samadi kikiwa kikavu kabisa.

Chukua hesabu hii. Boksi yako ina eneo la karibu mita 13 za mraba. Kitanda cha sentimita 15 juu ya saruji tupu kinakula karibu gunia 15 zile za mahindi za kilo 90, zikiwa zimejazwa maranda bila kushindiliwa. Kwenye mikeka ya mpira sentimita 6 zinatosha, hizo ni gunia 6 hivi. Baada ya hapo boksi inayochekechwa vizuri inahitaji kuongezewa gunia 2 au 3 kwa wiki kwa farasi anayelala ndani usiku tu. Boksi inayozolewa kwa koleo inakula 5 au 6. Tofauti ni gunia 3, mara boksi 4, mara wiki 4 na kitu: karibu gunia 52 kwa mwezi. Weka bei unayonunulia wewe. Hata gunia likiwa 150 tu, hizo ni shilingi 7,800. Huyo wa 12,000 tayari amefika 19,800, na bado hujahesabu samadi ya ziada ya kubeba.

Kuhusu saa. Mtu anayejua kazi anatumia dakika 15 hadi 25 kwa boksi ya maranda, farasi akiwa nje. Kwa majani makavu ya ngano ongeza kidogo, kwa sababu majani yanashikana na mkojo huzama hadi chini. Kwa hiyo boksi nne ni kama saa moja na nusu. Ongeza kusugua ndoo na kujaza maji, kufagia ukumbi, safari za wilbaro na kutandika upya, unafika saa mbili na nusu hadi tatu. Jioni kabla farasi hawajarudi ni ukaguzi tu, na usiku kabla ya kulala kuokota mavi dakika tano kwa boksi kama kuna mtu anayekaa hapo. Akikuambia boksi nne zinamaliza siku nzima, ama hajui kazi au anazungumza na simu. Akimaliza zote kwa dakika arobaini, rudi kwenye aya ya kwanza.

Kazi inavyofanywa, ili uweze kuisimamia hata kama hushiki uma:

Farasi atoke kwanza. Asipoweza kutoka afungwe kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na wilbaro ikae nje ya mlango. Wilbaro ikiingia ndani na farasi akashtuka, mikono ile ya chuma inaingia mbavuni, ya farasi au ya mtu. Toa ndoo na bakuli la chakula. Okota mavi yanayoonekana kwa uma wa meno ya karibu karibu, nafasi ya sentimita moja hivi. Uma wa kulimia haufai, mavi yanapita katikati. Kisha anza pembe iliyo kavu zaidi: chota maranda, yarushe kwa pembeni yapige ukuta. Maranda makavu yanabaki ukutani, vidonge vya mavi vinabingirika chini na unaviokota. Hapo ndipo ufundi wote ulipo, kwenye kiwiko na kifundo cha mkono, na ndicho cha kuangalia unapomjaribu mtu.

Mwishowe utafika kwenye doa la mkojo. Dume na farasi aliyehasiwa mara nyingi hukojoa katikati, jike huelekea nyuma karibu na ukuta. Ukijua farasi wako unajua pa kuchimba. Doa hilo litoke lote hadi sakafu ionekane. Ukilifunika kwa maranda mapya umelipa pesa kuficha harufu kwa siku moja. Acha sakafu ipumue saa moja au mbili, maranda yakiwa yamesukumwa ukutani, ndipo utandike. Na kila siku bomoa ukuta mmoja wa maranda uutumie katikati, halafu ujenge mwingine kwa mapya, la sivyo yale ya pembeni yanaota ukungu na farasi anaanza kukohoa.

Kwa upande wangu chukua wa mwezi. Ila usimlipe kwa boksi nne tu, kazi haijazi siku. Mwongezee kuokota mavi malishoni, kusafisha mabirika ya maji na kupiga brashi.

---

Hesabu_za_Kazi

Nakubaliana na Saisi kuhusu maranda. Mimi niongeze upande wa sheria na pesa, kwa sababu "20,000 kwa mwezi" si 20,000.

Kwanza kima cha chini. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi, kundi lenye wasafishaji na watunza bustani, kwenye shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila nyumba. Usipompa nyumba, ongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15: inakuwa 18,530.81. Yule wa 100 kwa boksi, akija kila siku na kufanya kazi za siku nzima, yuko chini sana ya hapo na mzigo huo ni wako, si wake. Wapo wanaotumia jedwali la mishahara ya kilimo ambalo liko chini zaidi. Kwa boksi za nyumbani Karen mimi singependa kulitetea mbele ya afisa wa kazi.

Sasa 20,000 ikiwa na marupurupu ya nyumba ndani yake. NSSF, ile akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 kwake na asilimia 6 kwako: 1,200 kila upande. Ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 kila upande: 300 na 300. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 inatoka kwake peke yake: 550. Kodi ya mapato haipo kwa kiwango hicho. Mkononi anapata 17,950, wewe unatoa 21,500. Mwambie hivyo kabla ya kuanza, si siku ya mshahara. Ugomvi mwingi wa mwisho wa mwezi unatokana na mtu aliyesikia "elfu ishirini" na M-Pesa ikaleta kumi na saba na kitu. Makato yapelekwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kitu kinachosahaulika zaidi: farasi wananya hata Jumapili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Jumlisha: siku 52 za mapumziko, 21 za likizo, sikukuu zipatazo 12. Hizo ni siku 85 ambazo mtu mwingine lazima ashike uma. Kwa 800 kwa siku ni 68,000 kwa mwaka, karibu 5,700 kwa mwezi. Ukimwita yeye mwenyewe siku ya mapumziko au sikukuu, kiwango ni maradufu.

Kwa hiyo gharama halisi: 20,000 + 1,200 + 300 + 5,700 = 27,200. Gawanya kwa farasi wanne, 6,800 kila mmoja kwa mwezi, au kama shilingi 227 kwa boksi kwa siku. Hapo bado bima ya ajali kazini, ambayo mwajiri anatakiwa kuwa nayo kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, pamoja na gambuti, glavu na ovaroli. Kazi ya karibu na farasi bila bima ni kamari. Teke moja gotini linazidi malipo ya bima ya miaka mingi.

Na yule wa 800 kwa siku? Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye mkataba wake hauzidi saa 24. Akija mfululizo siku zikajumlika mwezi, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, na haki zote hapo juu zinamfuata. Usidhani kumlipa kila jioni kumekuepusha.

---

Mlezi_wa_Padoki

Nyote wawili mnampeleka kwenye mfanyakazi wa kudumu. Boksi nne ni kazi ya saa tatu na nusu kwa siku, tukihesabu asubuhi na jioni. Kumjazia mtu siku kwa kubuni kazi ni kununua ng'ombe kwa sababu ya kikombe cha chai.

Karen na Lang'ata kuna wenye farasi wawili watatu kila baada ya geti kadhaa. Ongea na jirani. Mtu mmoja anaweza kumaliza boksi 7 au 8 kwa asubuhi ikiwa ni kusafisha tu, bila kupiga brashi wala kutandika matandiko ya kupandia. Mnagawana mshahara na siku za mapumziko kwa idadi ya boksi. Kwa mfano wa Hesabu, 27,200 kwa boksi 8 ni 3,400 kwa boksi kwa mwezi, na mfanyakazi amepata kazi ya siku nzima ya kweli.

Masharti mawili, na haya si ya kupuuza. La kwanza: mkataba uwe na mwajiri mmoja kwenye karatasi, jirani amrudishie gharama. Waajiri wawili kwa mtu mmoja, mmoja akichelewa kulipa NSSF, ni vurugu. La pili: uma, wilbaro na ndoo za kila banda zibaki banda lake. Mafua ya farasi, ugonjwa wa tezi unaotoa usaha chini ya taya, na choa husafiri kwa mikono, gambuti na vyombo. Weka beseni la dawa ya kuua viini getini, gambuti zisuguliwe matope kwanza kisha zikanyage, maana dawa haifanyi kazi juu ya mavi. Farasi akianza kutoa usaha puani kwa jirani, mfanyakazi asivuke hadi daktari aseme.

Na saa ya kuanza. Akitoka Rongai kwa matatu ya 125 au 126, au Ngong kwa 111, mvua ikinyesha atachelewa na nauli itapanda. Usipange kazi ianze saa kumi na mbili kamili ikiwa farasi wanatoka saa moja. Boksi hazikimbii. Aanze saa moja na nusu, farasi wakiwa wameshatoka.

Njia ya mita 40 itengeneze kabla hujaajiri mtu yeyote. Kama hapo kwako ni udongo mweusi wa pamba, mwezi wa nne wilbaro itazama hadi ekseli na atamwaga samadi popote atakapokwama. Chimba sentimita 15, jaza kokoto nene chini na murram juu, upana wa mita moja na kidogo. Utairudisha pesa hiyo kwa dakika za kila asubuhi.

---

BoksiNne_Karen

Asanteni sana. Hilo la jirani sikuwa nimelifikiria, na yupo mwenye watatu ng'ambo ya barabara. Maswali mawili zaidi. Harufu kwenye zile boksi mbili zisizo na mikeka: mtu wa bustani anamwaga chokaa nyeupe ya gunia, ile ya ujenzi, farasi mmoja ameanza kuwa na wekundu juu ya kwato. Inahusiana? Na nikimjaribu mtu kwa siku moja, nitazame nini hasa?

---

Kwato_na_Mapafu

Acha hiyo chokaa leo. Chokaa ya ujenzi ikikutana na unyevu ni kali, inaunguza ngozi ya juu ya kwato na midomo ya farasi anayetafuta nyasi chini. Zoa yote, osha sakafu kwa maji mengi, iache ikauke kabisa, na daktari aone huo wekundu. Ukitaka chokaa tumia ya shamba, ile ya kusawazisha tindikali ya udongo, kwa kiasi cha kikombe kimoja au viwili juu ya doa la mkojo tu, kisha funika kwa maranda. Hiyo nayo haitasaidia ikiwa doa halitolewi. Harufu ni amonia, inayotokea bakteria wanapovunja mkojo. Bila mkojo uliobaki hakuna amonia, iwe kuna chokaa au hakuna.

Kipimo cha amonia usikifanye umesimama. Piga goti, weka pua kwenye urefu ambao farasi analala, sentimita 30 kutoka chini. Macho yakiwasha, mapafu ya farasi yanaumia usiku kucha. Angalia pia kwamba madirisha ya juu yako wazi. Baridi ya Julai hapa Nairobi huwafanya watu wafunge kila upenyo, na hiyo ndiyo miezi ya kikohozi. Farasi mwenye afya anavumilia baridi ya Karen kuliko hewa chafu. Ukihofia visubi wanaoleta ugonjwa wa farasi wa Afrika, weka wavu wa matundu madogo dirishani, pamoja na chanjo. Usizibe kwa ubao.

Kwenye saruji tupu chunguza mteremko pia. Sakafu isipoinamia upande wa mlango au mfereji, mkojo unatuama kwenye shimo lile lile na hakuna mfanyakazi atakayelimaliza. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita zinatosha. Kwenye zile boksi za mikeka, mikeka iinuliwe na kuoshwa chini angalau mara moja kila mwezi au miwili. Ni mizito, inataka watu wawili, kwa hiyo iandike kwenye makubaliano. Ukiiacha nje ya makubaliano haitainuliwa kamwe, na kule chini kunaoza kimya kimya.

Maranda yenyewe: uliza yanatoka wapi. Ya karakana ya fanicha huja na misumari, vipande vya plaiwudi na vumbi la gundi. Ya mbao za nguzo zilizotiwa dawa usiyaguse. Ya msumeno wa mbao za msonobari au saipresi, makubwa na makavu, ndiyo bora. Unga wa msumeno ni vumbi tupu. Funga sumaku kwenye fimbo na uipitishe kwenye kila gunia jipya linapomwagwa. Na mtu akikuletea maganda ya kahawa kutoka Kiambu kwa bei ya bure, fikiria mara mbili: farasi huyala, na yana kafeini, ambayo ni dawa iliyokatazwa kwa farasi wa mbio. Mwenye farasi anayekimbia Ngong Racecourse asiyakaribie kabisa.

Kwa mfanyakazi: chanjo ya pepopunda kabla ya siku ya kwanza. Vijidudu vyake vinakaa kwenye mavi ya farasi na kwenye udongo unaozunguka banda, na jeraha dogo la uma linatosha. Glavu, gambuti, na barakoa wakati wa kutandika. Ukumbi unyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, usifagiwe mkavu.

---

Saisi_NgongRoad

Kuhusu kumjaribu: mlipe asubuhi mbili, si moja. Siku ya kwanza kila mtu anajitahidi. Siku ya pili unaona kama aliyotandika jana yamebaki makavu.

Usimwelekeze. Mpe boksi moja yenye mikeka na moja isiyo nayo, mwonyeshe vyombo vyote, koleo likiwemo, kisha tazama anachochukua kwanza. Mwenye kazi yake anachukua uma na kuacha koleo hadi mwisho, kwa doa la mkojo na mabaki ya sakafuni. Tazama anapoweka uma akiachia mkono: meno yaelekee ukutani na chini, nje ya boksi, kamwe si kuegemezwa mlangoni farasi anakopita. Tazama kama anaongea na farasi kabla ya kuingia na kama anapita nyuma yake kimya.

Kisha nenda kwenye wilbaro, usiende kwenye boksi. Ingiza mkono ndani ya alichotoa. Ukipata maranda makavu ya rangi ya mbao kwa wingi, anatupa pesa zako. Kwa farasi wanaolala ndani usiku tu, wilbaro moja kwa boksi moja au mbili ndio wastani. Wilbaro mbili kwa boksi moja, siku ya kawaida, ni nyingi mno. Baadaye kanyaga katikati ya boksi kwa soli: ikitoa maji au ikiwa laini kama ugali, doa limefunikwa.

Kwenye makubaliano andika gunia, sio usafi. "Boksi iwe safi" ni neno la kugombania. "Gunia 3 kwa boksi kwa wiki, ukihitaji zaidi niambie sababu" linapimika. Sababu zipo za kweli: farasi anayeharisha, farasi aliyefungiwa ndani kwa sababu ya mguu, mvua iliyoingia kwa paa. Lakini usimbane hadi aanze kuacha yaliyolowa ili atimize hesabu yako. Gunia zikishuka chini ya 2 kwa wiki kwenye boksi isiyo na mkeka, piga goti unuse.

---

Shamba_Kikuyu

Hamjagusa samadi na hiyo ndiyo sehemu inayoweza kurudisha pesa, au kukuletea jirani getini.

Farasi mmoja wa kilo 450 hadi 500 anatoa karibu kilo 20 hadi 25 za mavi na mkojo kwa siku akiwa ndani na nje. Nusu ya hizo zikiangukia boksini, ukaongeza maranda yaliyolowa, kwa farasi wanne unabeba kilo 60 hadi 80 kila asubuhi. Kwa mwezi ni kama tani mbili. Mwenye banda asiyejua tani hizo zinaenda wapi anaishia na mlima unaotiririsha maji meusi kila mvua ya Aprili na Novemba, na Karen maji hayo yanaelekea mito inayoingia Mbagathi, au kisima cha mtu.

Jenga vyumba vitatu vya mbao au matofali, vya kutosha tani hizo, na paa la mabati. Kimoja kinajazwa, kimoja kinaiva, kimoja kinauzwa. Rundo likiwa na angalau mita moja kila upande linapata joto lenyewe. Likifika nyuzi 55 hadi 65 na kugeuzwa kila wiki, mayai ya minyoo, mabuu ya nzi na mbegu za magugu hufa. Unyevu uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Maranda ni makavu na maskini wa naitrojeni, kwa hiyo rundo lako litaiva polepole kuliko la majani. Changanya nyasi mbichi zilizokatwa bustanini au mbolea ya kuku. Mkulima akimwaga maranda yasiyoiva shambani, mahindi yanageuka manjano, na hatarudi kwako.

Nzi wa nyumbani hukamilisha uzao wake kwa siku 7 hadi 10 kukiwa na joto. Rundo lililolegea pembeni, lenye majani na mkojo, ndilo kiota cha wale nzi wanaouma miguu ya farasi. Kwa hiyo pembe za rundo zikwanguliwe na kurushwa juu kila wiki. Hiyo ni nusu saa, iingize kwenye kazi ya mfanyakazi.

Wanunuzi ni wakulima wa mboga, wenye vitalu vya miche, na wakulima wa uyoga, ambao wanapenda samadi ya farasi ila wengi wao wanataka ya majani ya ngano, si ya maranda. Waulize kwanza. Usitegemee bei kubwa. Mtu akija na kenta yake akapakia mwenyewe bure, tayari amekuokolea gharama ya kubeba. Jambo moja la kumwambia kila mnunuzi: hei yako, yaani nyasi kavu unazolisha, ililimwa wapi na ilinyunyiziwa dawa gani. Kuna dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama zile zenye aminopyralid, zinazopita tumboni mwa farasi bila kuvunjika na kuua nyanya, maharagwe na viazi vya atakayetumia samadi. Anayekuuzia hei akishindwa kujibu, panda maharagwe kumi kwenye mikebe yenye mchanganyiko wa udongo na samadi yako, mengine kumi kwenye udongo mtupu, na usubiri wiki tatu. Majani ya mikebe ya samadi yakijikunja kama vikombe, usimuuzie mtu wa mboga. Peleka kwenye nyasi za malisho yako mwenyewe.